Hewa Katika Breki: Kwa Nini Pedali Huwa Teketeke Baada ya Kubadili Pedi

Pedi za breki ni sehemu ya gari iliyotengenezwa ili iliwe. Kila dereva akanyagapo breki, chembe ndogo za pedi husagika na kugeuka vumbi, na baada ya maelfu ya kilometa hapana budi pedi hizo zibadilishwe. Kazi hiyo si ngumu. Hufanywa kila siku katika gereji kubwa, chini ya miembe kando ya barabara, na hata uani nyumbani. Hata hivyo, mara nyingi hutokea jambo linalowashangaza wenye magari: gari lililoingia gerejini likiwa na pedi zilizokwisha, lakini pedali yake ikiwa ngumu, hutoka likiwa na pedi mpya na pedali teketeke. Mguu ukanyagapo, pedali hubonyea kama godoro la sufi, hushuka karibu na sakafu, na gari huchelewa kusimama.

Mwenye gari akiuliza, aghalabu hujibiwa kwamba pedi ni mpya na kwamba "zitazoea zenyewe". Jibu hilo lina ukweli kidogo na hatari kubwa. Katika makala haya tutaeleza lini jibu hilo ni la kweli na lini si la kweli, nini hasa huifanya pedali iwe teketeke, na jinsi ya kuirudisha katika ugumu wake. Msomaji ataona kwamba jambo lote hili limejengwa juu ya kanuni mbili: ya Pascal na ya Boyle.

1. Kutoka mguuni hadi kwenye gurudumu

Gari linalokwenda lina nishati mwendo. Ili lisimame, nishati hiyo lazima igeuzwe kuwa nishati ya aina nyingine, na kazi ya breki ni kuigeuza kuwa joto kwa njia ya msuguano. Katika breki za diski, sahani ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili huibana sahani hiyo kutoka pande zote mbili. Kifaa kinachozishika pedi na kuzibana huitwa kalipa. Ndani ya kalipa mna pistoni moja au zaidi, nayo husukumwa na mafuta ya breki.

Mafuta hayo hutoka kwenye silinda kuu, ambayo mafundi wetu huiita masta silinda. Silinda hiyo hukaa chini ya boneti, mbele ya miguu ya dereva, na juu yake pana kikopo cha kuwekea mafuta. Dereva akanyagapo pedali, pistoni ya silinda kuu huyasukuma mafuta katika mabomba membamba ya chuma, kisha, karibu na magurudumu, katika mabomba ya mpira, hadi yafike kwenye kalipa.

Kanuni inayotawala safari hiyo ilielezwa na Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeishi tangu mwaka 1623 hadi 1662. Alionyesha kwamba kiowevu kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, kanieneo inayotokea, yaani kani inayoelemea kila sentimita moja ya mraba, huenea sawasawa kila upande. Mmoja kati ya mifano ya kwanza ya magari ya abiria yaliyouzwa yakiwa na breki za namna hii katika magurudumu yote manne ni Duesenberg Model A ya Marekani, ya mwaka 1921.

Tuchukue mfano wa tarakimu. Dereva anakanyaga kwa kani sawa na uzito wa kilo 20. Pedali ni wenzo, na tuseme huizidisha kani hiyo mara 4. Basi pistoni ya silinda kuu husukumwa kwa kilo 80. Iwapo kipenyo cha pistoni hiyo ni milimita 20, eneo lake ni sentimita za mraba 3.14, na kanieneo katika mafuta ni 80 kugawanya kwa 3.14, yaani karibu kilo 25 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni ya kalipa ni kubwa zaidi. Ikiwa na kipenyo cha milimita 50, eneo lake ni sentimita za mraba 19.6, nayo husukumwa kwa karibu kilo 500. Kilo 20 za mguu zimekuwa kilo 500 kwenye pedi, hata kabla hatujahesabu msaada wa mtungi wa kuongeza nguvu ambao magari mengi huwa nao.

Lakini faida hiyo ina bei yake. Kani ikizidishwa, mwendo hupungua. Eneo la pistoni ya kalipa ni mara 6 na robo ya eneo la pistoni ya silinda kuu. Kwa hiyo ili pistoni ya kalipa moja isogee milimita 1, pistoni ya silinda kuu lazima isogee milimita 6 na robo, na pedali milimita 25. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata. Silinda kuu ina mwendo mfupi na mafuta machache ya kusukuma. Chochote kinachokula mafuta hayo kabla pedi hazijabana diski, hata kiwe kidogo namna gani, huonekana mguuni mara.

2. Hewa ni adui

Kiowevu hakikubali kubanwa ila kwa shida kubwa. Chini ya kanieneo ya mfano wetu, ujazo wa mafuta ya breki haupungui hata kwa sehemu 2 katika 1000. Ndiyo sababu pedali ya gari lenye breki safi huwa ngumu kama kwamba mguu unaisukuma diski yenyewe.

Hewa haiko hivyo. Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba, joto lisipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kwa kadiri kanieneo inavyozidi: kanieneo ikiwa maradufu, ujazo huwa nusu. Kanieneo ya hewa inayotuzunguka ni karibu kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Katika breki zetu huongezeka hadi karibu mara 26. Basi kiputo cha hewa chenye ujazo wa sentimita moja ya ujazo hubanwa hadi kubaki sehemu 4 tu katika 100 za ukubwa wake. Nafasi iliyoachwa hujazwa na mafuta ambayo yangelikwenda kuisukuma pistoni ya kalipa.

Hesabu yake ni hii. Kiputo cha sentimita moja ya ujazo hula sentimita za ujazo 0.96 za mafuta. Pistoni ya silinda kuu husogea bure milimita 3, na pedali hushuka bure milimita 12. Viputo vyenye jumla ya sentimita 5 za ujazo, ambazo hazijazi kijiko cha chakula, huishusha pedali bure kwa zaidi ya sentimita 6. Katika magari mengi hapo pedali huwa imekaribia sakafu.

Tena, hewa iliyobanwa hutunza nishati kama springi. Mguu ukilegea, hutanuka na kuisukuma pedali juu. Ndiyo maana pedali yenye hewa haishuki tu, bali pia hudundadunda.

Yafaa msomaji ajaribu jambo hili mwenyewe. Chukua mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja dogo na moja kubwa, na kipande cha mpira mwembamba wa kuyaunganisha. Yazamishe katika beseni la maji na uyajaze mpaka pasibaki kiputo hata kimoja. Unganisha, kisha sukuma bomba dogo: bomba kubwa litaitika mara ile ile, ingawa kwa mwendo mfupi. Mzuie mwenzako alisukume bomba kubwa kwa kidole gumba, uone jinsi unavyomshinda bila taabu. Sasa ingiza kiputo cha hewa chenye ukubwa wa punje ya mahindi, na urudie. Bomba dogo litaingia ndani kwanza huku kubwa likibaki limetulia. Hiyo ndiyo pedali teketeke.

Wapo wanaouliza: ikiwa hewa ni adui, mbona malori na mabasi makubwa hutumia breki za upepo? Jibu ni kwamba katika magari hayo upepo ndio unaofanya kazi. Hubanwa na mashine, huwekwa akiba katika mitungi, na pedali ni bilula tu ya kuufungulia. Katika gari dogo nguvu yote hupita katika mafuta, na hewa iliyomo ni mgeni asiyealikwa.

3. Kutambua aina ya ubovu

Kabla ya kushika spana, fundi anapaswa kuisikiliza pedali kwa mguu. Gari liwe limesimama mahali tambarare, injini imezimwa. Kanyaga breki mara tano au sita ili kumaliza msaada uliobaki katika mtungi wa kuongeza nguvu, kisha chunguza. Ubovu ni wa aina tatu, na kila aina ina chanzo chake.

(a) Pedali hushuka mpaka sakafuni mara ya kwanza, lakini ikipigwapigwa hupanda, huwa ngumu, na hubaki juu. Hapa hakuna ubovu. Wakati wa kuweka pedi mpya, ambazo ni nene, pistoni za kalipa hurudishwa nyuma, na aghalabu hubaki nafasi kati ya pedi na diski. Tuseme ni milimita 2 katika kila kalipa ya mbele. Kalipa mbili zitahitaji karibu sentimita 8 za ujazo za mafuta ili kuziba nafasi hiyo. Silinda kuu ya mfano wetu, yenye mwendo wa milimita 30, hutoa sentimita 9 tu kwa mkanyago mmoja. Mkanyago wa kwanza humalizika wote kwa kuziba nafasi, wala breki hazishiki. Huu ni ukweli mdogo katika kauli ya "zitazoea". Lakini hazizoei barabarani; huzoeshwa zikiwa zimesimama. Ni lazima pedali ipigwe mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogezwa hata hatua moja. Magari yamegonga kuta za gereji kwa kusahau jambo hili.

(b) Pedali hubonyea na kudunda. Ikipigwapigwa hupanda kidogo, lakini bado ni laini, na ikiachwa dakika chache hurudi chini kama kwanza. Hii ndiyo pedali teketeke hasa. Mshukiwa wa kwanza ni hewa.

(c) Pedali ni ngumu mwanzoni, lakini mguu ukiishikilia kwa uzito ule ule kwa nusu dakika, huzama polepole. Hapa mafuta yanatoroka. Ama yanavuja nje, nawe utaona unyevu kwenye maungio, kalipa, au ndani ya gurudumu. Ama yanapita ndani ya silinda kuu kando ya mipira ya pistoni iliyolika. Kutoa hewa hakutaponya ubovu huu. Gari lisiendeshwe.

Jambo moja lisituchanganye: ukiwasha injini huku mguu ukiwa juu ya pedali, pedali hushuka kidogo. Hiyo ni dalili njema kwamba mtungi wa kuongeza nguvu unafanya kazi.

4. Hewa huingiaje, ikiwa pedi tu ndizo zilizobadilishwa?

Swali hili ni la haki. Kubadili pedi kwenyewe hakuhitaji kufungua bomba lolote la mafuta, na kazi ikifanywa kwa utaratibu hewa haina mlango wa kuingilia. Ikiwa imeingia, basi moja kati ya mambo yafuatayo limetendeka.

Kwanza, skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya kalipa ilifunguliwa ili pistoni irudi kwa urahisi. Njia hii ina faida, kwani mafuta machafu hutoka nje badala ya kurudishwa kwenye silinda kuu. Lakini skrubu ikichelewa kufungwa, au pistoni ikivutwa mbele ikiwa wazi, kalipa hunyonya hewa.

Pili, kikopo cha mafuta kiliachwa kikauka. Mtu huona kikopo kimejaa pistoni zikirudishwa, huyanyonya mafuta ili yasimwagike, kisha husahau kuyarudisha. Pedali ikipigwa, pistoni husogea mbele, mafuta hushuka, na silinda kuu humeza hewa. Kiasi chake si kidogo: pistoni iliyorudishwa milimita 8 husukuma juu karibu sentimita 16 za ujazo, na kalipa mbili zaidi ya 30.

Tatu, kalipa zilifunguliwa zote mbili na kurudishwa kwa kubadilishana, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Katika magari mengi zitaingia bila shida yoyote, lakini skrubu ya kutolea hewa sasa itakuwa chini badala ya juu. Hewa hupanda juu daima. Skrubu ikiwa chini, fundi aweza kumwaga lita nzima ya mafuta na kiputo kikabaki kimekaa dari. Ukiona kazi ya kutoa hewa haina mwisho, tazama kwanza skrubu iko wapi.

Yapo pia mambo yanayoiga hewa. Pedi zilizokaa upande kwa sababu ya kutu au uchafu katika sehemu zinamokaa hupinda kidogo zinapobanwa, na kupinda huko husikika mguuni kama ulaini. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zikikauka au kushika kutu hufanya vivyo hivyo. Bomba la mpira lililozeeka huvimba kama puto likijaa kanieneo. Hasa kama kalipa iliachwa ining'inie kwa bomba hilo wakati wa kazi, badala ya kufungwa kwa waya. Beringi za gurudumu zikilegea, diski huyumba na kuzisukuma pedi nyuma, hata mkanyago unaofuata huwa mrefu. Na katika magari yenye breki za dramu nyuma, viatu vya breki visiporekebishwa hula mafuta mengi kabla ya kugusa dramu. Pedali huwa ndefu, lakini mwishoni ni ngumu.

5. Kutoa hewa, hatua kwa hatua

Mafundi huiita kazi hii kutoa upepo. Huhitaji watu wawili, spana ya kuenea skrubu, ambayo mara nyingi ni ya namba 8 au 10, kipande cha mpira mwembamba uonyeshao ndani, chupa safi, na mafuta mapya ya breki kutoka kwenye kopo lisilofunguliwa zamani.

Hatua ya 1. Egesha gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe au magogo, linyanyue kwa jeki na uliweke juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Zima injini.

Hatua ya 2. Safisha mfuniko wa kikopo kabla ya kuufungua, kisha jaza mafuta hadi alama ya juu. Mmoja awe na wajibu wa kukitazama kikopo kila baada ya mikanyago mitano. Kikikauka, kazi yote huanza upya.

Hatua ya 3. Chagua gurudumu la kuanzia. Desturi ni kuanza na lililo mbali zaidi na silinda kuu na kumalizia na lililo karibu. Vitabu vingi vilivyoandikwa Marekani na katika bara la Ulaya huagiza kuanza na gurudumu la nyuma kulia, kwa sababu huko usukani uko kushoto. Katika Tanzania, Kenya na Uganda, ambako usukani uko kulia, la mbali zaidi ni la nyuma kushoto. Hata hivyo, magari ambayo mabomba yake yamegawanywa kwa mshazari huwa na utaratibu wake. Kitabu cha gari kikiwapo, kifuatwe.

Hatua ya 4. Futa skrubu, vika mpira, na zamisha ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta masafi kiasi. Ncha ikiwa ndani ya mafuta, hewa haiwezi kurudi.

Hatua ya 5. Msaidizi anakanyaga pedali polepole mara tatu, kisha anaishikilia chini kwa nguvu ya wastani na kusema "Nimeshika". Fundi anafungua skrubu kwa robo au nusu ya mzunguko. Mafuta yatatoka pamoja na viputo, na pedali itashuka. Msaidizi asiinue mguu. Fundi anafunga skrubu, ndipo anasema "Achia". Mpangilio huu wa maneno usivunjwe: pedali ikiachwa kupanda huku skrubu iko wazi, hewa hunyonywa ndani.

Hatua ya 6. Rudia mpaka mafuta yanayotoka yawe masafi na yasiwe na kiputo. Kisha hamia gurudumu la pili, na kuendelea.

Hatua ya 7. Kaza skrubu kwa kiasi. Ni nyembamba na hukatika upesi. Rudisha kifuniko chake cha mpira, jaza kikopo hadi alama, na ujaribu pedali kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma.

Katika gari kuukuu, msaidizi asiikandamize pedali mpaka sakafuni. Kwa miaka mingi pistoni ya silinda kuu imekuwa ikitembea katika sehemu ile ile ya silinda, na ng'ambo ya hapo mna kutu na masimbi. Mipira ikipitishwa juu ya masimbi hayo huchanika, na pedali iliyokuwa teketeke hugeuka pedali inayozama. Kipande cha ubao kikiwekwa chini ya pedali huondoa hatari hiyo.

Magari yenye mtambo wa kuzuia magurudumu yasikwame, ujulikanao kama ABS, yana vijia vidogo na vali ndani ya mtambo. Hewa ikifika humo, huenda isitoke kwa njia hii. Huhitaji mashine ya kuamuru vali hizo zifunguke. Fundi asiye na mashine hiyo ni heri aseme kweli kuliko kulirudisha gari nusu kazi.

6. Adui wa pili: maji

Ingawa tunayaita mafuta, mafuta ya breki ya magari mengi si mafuta kwa maana ya kikemia. Yametengenezwa kwa glikoli na jamaa zake, nayo huvuta unyevu kutoka hewani. Katika mji kama Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa imejaa unyevu mwaka mzima, kopo lililoachwa wazi huharibika upesi.

Kwa kipimo kinachotumika duniani, mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakiisha kunywa maji kiasi cha karibu asilimia 3.7, viwango hivyo vyaweza kushuka hadi 140 na 155.

Je, joto hilo lapatikana barabarani? Gari la kilo 1200 likiteremka kimo cha mita 300 huku mwendo wake ukizuiwa kwa breki peke yake, nishati inayogeuka joto yatosha kuzichemsha lita 10 za maji yaliyokuwa baridi. Na mteremko kama wa Kitonga, katika barabara ya Iringa, au wa Sekenke, upande wa Singida, haumpi dereva nafasi ya kungoja breki zipoe. Mafuta yenye maji yakichemka ndani ya kalipa, mvuke hujaa mabombani. Mvuke ni gesi, na gesi hubanwa kama tulivyoona. Pedali iliyokuwa ngumu juu ya mlima huwa teketeke katikati ya mteremko, mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, nayo kazi ya kutoa hewa baada ya kuweka pedi ni nafasi nzuri ya kufanya hivyo. Na dereva ateremke katika gia ndogo, ili injini ibebe sehemu ya mzigo.

7. Tahadhari

Usimimine kamwe oili ya injini, mafuta ya taa wala petroli katika kikopo cha breki. Mipira ya breki zinazotumia glikoli huvimba na kulainika iguswapo na mafuta ya petroli, hata kwa kiasi kidogo, na hapo mfumo mzima, tangu silinda kuu hadi kalipa, huhitaji mipira mipya. Maji na maji ya sabuni nayo huchemka mapema na kuleta kutu.

Usipulize vumbi la pedi kwa upepo wala kwa mdomo. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huleta maradhi ya mapafu na saratani. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Mafuta ya breki ni sumu, tena hubabua rangi ya gari. Yasiwekwe katika chupa za soda, kwa kuwa mtoto hawezi kutofautisha. Yaliyotumika yasirudishwe katika kikopo, hata yakionekana masafi.

Mwisho, pedali ikishakuwa ngumu, pedi mpya huhitaji kusugulika zilingane na diski. Katika barabara isiyo na magari, punguza mwendo kutoka kilometa 50 kwa saa hadi 15, bila kusimama kabisa, mara 10 hadi 20, ukiziacha breki zipoe kati ya mara moja na nyingine. Hapa tena pana chembe ya ukweli katika "zitazoea": mshiko wa pedi huongezeka kwa kutumika. Lakini hakuna kilometa hata moja, wala elfu moja, itakayoitoa hewa ndani ya kalipa.

Maswali ya kujipima

1. Pistoni ya silinda kuu ina eneo la sentimita za mraba 4, na ya kalipa sentimita za mraba 20. Ya kwanza ikisukumwa kwa kilo 100, ya pili itasukumwa kwa kilo ngapi?
2. Katika swali la 1, pistoni ya kalipa moja isogee milimita 0.5, ya silinda kuu itasogea milimita ngapi?
3. Pedali ya gari fulani ni ngumu asubuhi, lakini huwa teketeke baada ya mteremko mrefu, na kesho yake ni ngumu tena. Nini chanzo chake?
4. Fundi ametoa hewa mara tatu katika kalipa zote, na viputo havitoki tena, lakini pedali bado inadunda. Taja mambo mawili atakayoyachunguza.

Majibu: 1. Kilo 500. 2. Milimita 2.5. 3. Mafuta ya breki yamenywa maji na huchemka yapatapo joto. 4. Mojawapo ya haya: kama skrubu za kutolea hewa ziko juu ya kalipa, kama bomba la mpira linavimba, kama pedi na pini za kalipa zimekaa sawa, kama kuna hewa katika mtambo wa ABS.